Farasi Mwenye Mbawa wa Chuo cha Mifugo

Binti wa dada yangu yuko Kidato cha Tano, tahasusi ya PCB, na likizo iliyopita alikuja kukaa kwangu na begi la madaftari zito kuliko la nguo. Usiku wa tatu, mimi nikiwa nahariri habari ya bei ya mbolea, yeye kajiinamia upande wa pili wa meza, akanyanyua kichwa: "Mamdogo, hivi kwa nini maji ni nyuzi 104.5? Si waseme tu 105 tujue moja?"

Nilimjibu bila kuacha kuandika. Na mimi nilisoma PCB, ingawa mwisho wa yote niliangukia kwenye uandishi wa habari, na yapo mambo hayatoki kichwani hata ukiyafukuza. Methani ni 109.5, nikamwambia. Kila jozi pweke unatoa 2.5. Amonia ina jozi pweke moja, kwa hiyo 107. Maji yana mbili, 104.5. Andika, ukalale.

Akaandika. Dakika mbili hazijapita: "Na haidrojeni salfaidi?" Hiyo ni ile gesi inayonuka kama yai viza. Salfa iko chini ya oksijeni kwenye jedwali, ina jozi pweke mbili vilevile, basi nikasema 104.5, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Akageuza kitabu upande wangu. Kimeandika 92.

Niliona aibu, lakini zaidi niliona hasira. Ile kanuni ya kutoa 2.5 niliikariri zaidi ya miaka kumi iliyopita, ikanipa alama, nikaibeba maisha yangu yote kama sheria ya maumbile. Kumbe si sheria. Ni sadfa iliyovaa joho: inakubali kwenye amonia na maji, ukisogea hatua moja chini ya jedwali inakuacha njiani. Sasa swali la mtoto likawa langu. Hizi namba zilitoka wapi? Nani alikuwa wa kwanza kusema kwamba kitu kisichoonekana kwa jicho wala kwa hadubini kina umbo, tena umbo lenye pembe? Nikatumia wiki mbili kusoma. Nilichokutana nacho kina wivu, kina matusi ya kistaarabu, na katikati yake kuna kijana wa miaka 22 aliyepigwa kwa kosa la kuwa na njozi. Ndiyo maana nakileta hapa kwetu watu wa vitabu badala ya kukiacha darasani.

Tuanzie London, Aprili 1865. August Wilhelm Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Uingereza, alisimama mbele ya hadhira ya Royal Institution akiwa na mipira ya mchezo wa kroke na vijiti vya chuma. Kaboni aliipaka nyeusi, haidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, naitrojeni buluu, klorini kijani. Ukiingia leo kwenye maabara yoyote ya shule utakuta rangi ni hizohizo, na hakuna anayemkumbuka Hofmann. Ila methani yake ilikuwa bapa: mpira mweusi katikati, minne myeupe kwenye ncha za msalaba, yote mezani. Yeye hakudai kwamba ndivyo molekuli zilivyo. Michoro ya wakati ule ilikuwa kama ramani ya njia za daladala: inakuambia baada ya Magomeni kinafuata kituo gani, haikuambii kilima kiko wapi. Atomi ipi imeshikana na ipi, basi. Kuuliza zaidi ya hapo kulihesabiwa kuwa ni kubwabwaja.

Tatizo ni kwamba vitu vyenyewe vilikuwa vinauliza zaidi ya hapo. Mwaka 1848 huko Paris, Louis Pasteur, wakati huo hajulikani, ana miaka 25, alikuwa akichunguza chumvi za asidi iliyopatikana kwenye mashapo ya mapipa ya mvinyo. Asidi hiyo ilikuja kwa namna mbili. Ya kwanza, ukipitisha ndani ya maji yake nuru iliyochujwa ili itikisike katika ubapa mmoja tu, ubapa ule unazungushwa. Ya pili ina viambato vilevile kwa uwiano uleule, lakini nuru inapita bila kuguswa. Pasteur akatazama fuwele za chumvi ya hiyo ya pili kwa makini kuliko waliomtangulia, akaona ziko za aina mbili, kila moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo. Kama kandambili: ya kushoto na ya kulia zina kila kitu sawa, lakini ya kushoto huivalii mguu wa kulia. Akazitenganisha kwa mkono, moja moja, kwa kibano. Fungu moja lilizungusha nuru kulia, la pili kushoto kwa kiasi kilekile. Zikichanganywa zinafutana.

Mzee Jean-Baptiste Biot, miaka 74, aliyekuwa amechunguza nuru ya namna hii kwa muda mrefu wa maisha yake, hakuamini. Alimwita kijana aje arudie jaribio mbele ya macho yake, kwa kemikali alizotoa mzee mwenyewe. Jibu lilipotoka vilevile, Biot alimshika mkono kwa hisia na kumwita mwanangu. Nimeisoma habari hiyo mara tatu na kila mara nafurahi upya. Na bahati nayo ilikuwepo: fuwele hizo hujitenga hivyo tu joto likiwa chini ya takriban nyuzi 28 za Selsiasi. Angefanya kazi ile Dar es Salaam mwezi wa Februari, bila kiyoyozi, asingeona kitu.

Pasteur alihisi jibu liko wapi. Katika mihadhara yake ya 1860 alijiuliza kama atomi zimejipanga kama ngazi ya mzunguko, au kwenye kona za umbo lenye nyuso nne za pembetatu. Aliuliza tu, akapita. Mjerumani Johannes Wislicenus akaja kulikuta fumbo lilelile kwenye asidi inayopatikana katika maziwa mgando na katika nyama ya misuli: mpangilio mmoja kwenye karatasi, tabia mbili mbele ya nuru. Mwaka 1873 akasema waziwazi kwamba tofauti haiwezi kuwa kwingine ila kwenye namna atomi zilivyokaa katika nafasi. Akaishia hapo. Mlango umeonyeshwa, hakuna aliyeufungua.

Aliyeufungua ni Jacobus Henricus van 't Hoff, mzaliwa wa Rotterdam. Alikuwa amesoma kwa Kekulé huko Bonn, kisha kwa Wurtz huko Paris. Alikuwa msomaji wa mashairi, mpenzi wa Byron, na mwenyewe aliwahi kujaribu kuandika. Septemba 1874, kabla hata hajapata udaktari wake, alichapisha huko Utrecht kijitabu cha kurasa zipatazo kumi na moja, kwa Kiholanzi, akipendekeza kwamba michoro ya kemia itoke kwenye karatasi na kuingia katika nafasi ya vipimo vitatu. Desemba mwaka huohuo akawasilisha tasnifu ya udaktari, na tasnifu hiyo haina habari hizo kabisa. Inahusu asidi mbili za kawaida sana. Nadhani alijua anachofanya: cheti kwanza, mapinduzi pembeni.

Hoja yake ni fupi kiasi kwamba nilimweleza yule binti huku tukimenya viazi. Chukua methani, kaboni moja na haidrojeni nne. Badilisha haidrojeni mbili, weka klorini mbili. Kama molekuli ni bapa kama msalaba wa Hofmann, klorini zinaweza kukaa jirani, au zikakaa mkabala. Hizo ni dutu mbili tofauti, na zilipaswa kuwa na viwango viwili tofauti vya kuchemka. Lakini wanakemia wote duniani, kwa njia zote walizojaribu, walikuwa wakipata dikloromethani moja tu. Ya pili haikuwahi kuonekana. Basi msalaba si kweli.

Sasa weka mafiga matatu chini. Juu yake, katikati, ning'iniza la nne kwa umbali uleule kutoka kwa kila moja. Hiyo ndiyo tetrahedroni, na kaboni inakaa ndani, katikati kabisa. Weka klorini mbili kwenye kona zozote mbili: daima ni majirani, hakuna mkabala. Dutu moja. Na ukiweka vitu vinne tofauti kwenye kona nne, ghafla kuna namna mbili za kuvipanga, na moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo. Kandambili za Pasteur na maziwa mgando ya Wislicenus vikajibiwa kwa pigo moja.

Miezi miwili baadaye, Novemba 1874, Joseph Achille Le Bel wa Ufaransa alichapisha wazo lilelile. Wote wawili walikuwa wamepita maabara ya Wurtz mwaka uleule, na hawakuwa wameambiana kitu. Le Bel aliingia kwa mlango wa ulinganifu wa maumbo, mwenzake kwa mlango wa viungo vinne vya kaboni. Wangeweza kugombana kuhusu nani alitangulia. Hawakugombana.

Kijitabu cha Kiholanzi hakikusomwa na wengi. Van 't Hoff akakipanua kwa Kifaransa mwaka uliofuata, akakata tetrahedroni za karatasi ngumu, akazipaka rangi, akawatumia wakubwa wa kemia Ulaya. Baadhi ya vile vikaratasi vimehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya Boerhaave huko Leiden. Mwaka 1877 ikatoka tafsiri ya Kijerumani, ikiwa na dibaji ya Wislicenus mwenyewe. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Hermann Kolbe alikuwa profesa Leipzig na mhariri wa jarida kubwa la kemia. Mwaka huohuo akaandika makala yenye mada ya dalili za nyakati, na nyakati alizoziona zilikuwa mbovu. Van 't Hoff wakati huo alikuwa amepata kazi ndogo kwenye chuo cha mifugo cha Utrecht, na Kolbe alihakikisha kila msomaji anajua. Kwa maneno yangu: daktari mmoja wa chuo cha mifugo, asiyependa uchunguzi wa kweli, ameona ni rahisi zaidi kupanda Pegaso, yule farasi mwenye mbawa wa washairi, bila shaka kaazimwa hapohapo chuoni, na kutoka huko juu anatutangazia jinsi atomi zilivyojipanga angani. Wislicenus naye akasomewa: ameiacha kambi ya watafiti wa kweli.

Niseme ukweli, nilicheka. Ni tusi zuri, limechongwa. Halafu nikajikuta naanza kumwelewa mzee, na hilo lilinisumbua. Kolbe hakuwa mjinga. Ni miongoni mwa waliothibitisha, katika miaka ya 1840, kwamba dutu ya kaihai kama asidi ya siki inaweza kutengenezwa maabara kutokana na vitu visivyo na uhai. Kizazi kilichomtangulia Ujerumani kilipoteza miaka mingi kwenye falsafa za maumbile zilizojaa maneno makubwa na majaribio kiduchu, na yeye alikuwa na kovu la zama hizo. Ni mhariri aliyepokea habari nzuri mno na kuuliza: chanzo kiko wapi? Nani kaona? Mimi huuliza swali hilohilo kila wiki, na mara nyingi nakuwa sahihi.

Pale alipokosea ni kudhani kwamba njozi na uthibitisho haviwezi kukaa nyumba moja. Wazo la van 't Hoff lilikuwa limejiweka kitanzini lenyewe: linakuambia idadi. Molekuli hii itakuwa na sura mbili, ile moja, ile nyingine nne. Ukipata tano, limekufa. Katika kitabu chake cha 1875 alibashiri hata kwamba kundi fulani la molekuli, zenye kaboni tatu zilizoshikana mfululizo kwa vifungo viwiliviwili, zitakuwa na sura ya kushoto na ya kulia ingawa hazina kaboni iliyoshikwa na vitu vinne tofauti. Hakuna aliyeweza kuitengeneza kwa hakika mpaka mwaka 1935, huko Cambridge. Ubashiri ulikuwa sahihi, miaka 60 baadaye. Mwenyewe alishafariki tangu 1911.

Jibu lake kwa Kolbe, kama ni jibu, ndilo linalonigusa zaidi. Oktoba 1878 alifanywa profesa Amsterdam, ana miaka 26, na kwa desturi akatoa mhadhara wa kuanzia kazi. Mada aliyoichagua: uwezo wa kubuni taswira katika sayansi. Alikuwa amesoma wasifu wa wanasayansi wapatao 200, akitafuta wangapi kati yao walikuwa na moto wa ubunifu nje ya maabara, kwenye ushairi, muziki, uchoraji. Akaonyesha kwamba wengi wa wale wakubwa walikuwa nao. Hakumtukana mtu. Mwaka 1901 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, aliyepewa ni yeye, ingawa kwa kazi nyingine, ya kasi ya mabadiliko ya kemikali na msukumo wa osmosi. Kolbe alishafariki miaka 17 kabla.

Na atomi zenyewe? Mwaka 1913 William Bragg na mwanawe Lawrence walimulika almasi kwa eksirei, wakasoma madoa yaliyotokea. Kila kaboni ilikuwa imezungukwa na kaboni nne, kwenye kona za tetrahedroni. Yule farasi wa kuazima alikuwa ametua mahali penyewe.

Sasa nirudi kwenye pembe. Ile 109.5 haikupimwa kwanza, ilitoka kwenye jometri. Chukua dadu ya ludo, fikiria kaboni iko ndani katikati. Dadu ina kona nane. Chagua nne zinazorukana, zisizoungwa na ukingo mmoja, weka haidrojeni. Mistari miwili yoyote kutoka katikati kwenda kwenye kona hizo inafanya pembe ambayo kosaini yake ni −1/3. Bonyeza kikokotoo, utapata 109.47. Hata kama methani isingekuwepo duniani, namba hiyo ingekuwepo.

Maji ni habari tofauti kabisa. Hakuna jometri inayokupa 104.5. Kwanza ilibidi ijulikane tu kama maji yamepinda au yamenyooka. Mholanzi mwingine, Peter Debye, alionyesha njia: pima kama molekuli ina upande wenye chaji hasi na upande wenye chaji chanya. Kaboni dayoksaidi haina, kwa sababu atomi zake tatu ziko kwenye mstari na mivuto miwili inafutana. Maji yanao. Basi yamepinda, na ni kupinda huko kunakoyafanya yayeyushe chumvi kwenye sufuria yako. Kiasi cha kupinda kilikuja kujulikana kwa usahihi baada ya watu kupima jinsi mvuke wa maji unavyofyonza nuru. Waliipima, wakakuta 104.5. Ingekuwa 103 wangeandika 103.

Lakini kwa nini yapinde? Hapo ndipo elektroni zinapoingia. Mwaka 1916 Gilbert Lewis wa Berkeley alieleza kwamba atomi mbili hushikana kwa kuchangia jozi ya elektroni. Ndicho tunachokiita kifungo cha kovalenti. Mwanzoni Lewis alizichora elektroni nane za nje kwenye kona nane za mchemraba, wazo alilokuwa nalo tangu 1902, kisha akaona jozi nne zinakaa vizuri zaidi kwenye, umeshajua, tetrahedroni. Na hapa kuna jambo ambalo mimi shuleni lilinipita kabisa: si kila jozi inashika atomi. Oksijeni ya maji ina jozi nne kuizunguka, mbili zimeshika haidrojeni, mbili hazina mwenza. Hizo ndizo jozi pweke. Binti aliitaja kwa Kiingereza bila kukosea herufi, kama alivyolitaja jina zima la nadharia yenyewe, maneno matano marefu. Nilipomuuliza ni nani anamsukuma nani, akanyamaza. Sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza baada ya miaka ya msingi kwa Kiswahili, na mimi nilinyamaza hivyohivyo enzi zangu. "Jozi pweke" tulilitunga pale mezani.

Kwamba umbo linaamuliwa na idadi ya jozi, lilisemwa kwanza na Mjapani, Ryutaro Tsuchida, mwaka 1939. Aliandika kwa Kijapani, na huku kwingine hawakusoma. Mwaka 1940, vita vikiwa vimeshaanza, Nevil Sidgwick na Herbert Powell wa Oxford walifika palepale kwa njia yao: walikusanya maumbo yote yaliyokwishapimwa na kuona kwamba jozi mbili hukaa kwenye mstari, tatu kwenye pembetatu, nne kwenye tetrahedroni, sita kwenye oktahedroni, ziwe zimeshika atomi au la. Kisha mwaka 1957 Ronald Gillespie na Ronald Nyholm, Mwingereza na Mwaustralia waliokuwa pamoja University College London, wakaongeza kipande kilichobaki: jozi hazisukumani sawa. Jozi pweke inasukuma zaidi.

Kwa nini zaidi? Jozi iliyo kwenye kifungo inavutwa na viini viwili, imenyooshwa kati yao, nyembamba. Jozi pweke ina kiini kimoja tu, imekaa karibu, imetanuka. Panda daladala ya Mbagala jioni utaielewa: watu wanne siti ya nyuma wanaenea, lakini mmoja akiwa na gunia mapajani, watatu waliobaki wanabanana. Hawapungui idadi, wanabanana. Amonia ina mwenye gunia mmoja, pembe inashuka hadi takriban 107. Maji yana wawili.

Tulijaribu kwa maputo. Mawili ukiyafunga pamoja yananyooka. Matatu yanajipanga bapa, nyuzi 120, kama boroni trifloraidi. Manne hayakubali kulala hata uyalazimishe. Yanasimama yenyewe, mafiga matatu na moja juu. Tukatoa moja, tukalipuliza zaidi ya wenzake, tukalirudisha. Yale matatu yakasogeleana. Tulipoongeza ili yafike sita moja lilipasuka, mbwa wa jirani akabweka hadi saa nne usiku.

Basi haidrojeni salfaidi je? Salfa ni kubwa kuliko oksijeni. Jozi zilizoshika haidrojeni ziko mbali na katikati, hazigusani kwa karibu, kwa hiyo zile pweke zinapozisukuma hazina cha kuzuia, zinasogea hadi 92. Fosfini, ambayo ni ndugu wa amonia, inashuka hadi kama 93.5. Nadharia inakuambia bila kusita kwamba pembe itakuwa chini ya 109.5. Ni ngapi hasa, haikuambii. Hilo linaulizwa kwa kipimo. Hakuna mahali popote Gillespie na Nyholm waliandika utoe 2.5.

Uwezo wake halisi uko kwingine. Hadi 1962 vitabu vilisema gesi adimu haziungani na chochote. Mwaka huo Neil Bartlett, huko Vancouver, akaifanya zenoni iungane, na miezi michache baadaye wanakemia wa Argonne, Marekani, wakawa na zenoni tetrafloraidi mkononi. Atomi nne zimeizunguka moja, kama methani. Ungesema tetrahedroni.

Nilimpa binti hiyo siku ya mwisho ya likizo, begi limeshafungwa, dada yangu anapiga simu kuuliza kama basi limepatikana. Akahesabu kwa sauti. Zenoni ina elektroni nane za nje. Florini nne, kila moja inaleta moja, kumi na mbili. Jozi sita. Nne zimeshika florini, mbili pweke. Jozi sita ni oktahedroni. Akasita. Hizo mbili zenye magunia zikae wapi? Alichukua chungwa, akachomeka njiti sita, akazungusha, akang'oa mbili zilizo jirani, akazirudisha, kisha akang'oa ya juu na ya chini.

"Zinakwepana. Moja juu, moja chini. Zinabaki nne bapa." Akaliangalia chungwa. "Ni mraba, Mamdogo. Ule msalaba wa yule wa mipira."

Akafungua nyuma ya kitabu kuhakikisha. Kabla ya kulirudisha daftari begini, alitafuta ule ukurasa wa usiku wa tatu, akaikata kwa mstari mmoja ile kanuni niliyompa, na pembeni mwa 104.5 akaandika kwa penseli, kwa Kiswahili: imepimwa.